Kabila la Mkumbo

Gunia la vitunguu lilipasuka mlangoni mwa duka la nafaka la Mugure wakati soko la Isiolo limefurika watu. Vitunguu vikatawanyika kila upande, vingine chini ya meza ya maharagwe, vingine kati ya miguu ya wanawake wa maziwa ya ngamia, na kimoja kikaja kutua juu ya kiatu chake kipya chekundu. Mugure akainua macho, tusi likiwa tayari mdomoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mikono, ameshika kofia ya ukindu kifuani kama mtu aliyechelewa kanisani.

"Samahani sana, dada. Naomba radhi. Naomba uniruhusu niviokote, sitakuchelewesha."

Tusi likamkwama. Isiolo mtu akitaka kitu husema nipatie, na akikukanyaga husema pole, yameisha. Mtu wa kuomba mara mbili kwa pumzi moja, Mugure alijiambia, huyo anataka zaidi ya vitunguu.

"Okota basi. Na hiyo iko kwa kiatu pia."

Kijana akapiga goti, akakitwaa kile kitunguu, akakipangusa vumbi kwa leso yake, kisha akampa kwa mikono miwili. "Hiki chako. Cha kukupoza hasira."

"Nani amekuambia nimekasirika?"

"Nyusi zako, dada."

Kajuju, rafiki yake aliyeuza vitenge duka la pili, alicheka mpaka akashika mlango. Mugure hakucheka. Moyo ulikuwa umemruka, na jambo hilo lilimuudhi kuliko vitunguu vyote.

"Wewe ni wa wapi?"

"Singida. Tanzania. Naitwa Mkumbo, nimekuja kuuza vitunguu."

"Mkumbo ni jina ya watu gani?"

"Ya baba yangu."

"Nauliza kabila."

Kijana akatabasamu, akavaa kofia yake. "Mimi Mtanzania tu, dada."

Hapo ndipo Mugure alipoanza kumshuku, na mtu yeyote wa Isiolo angemwelewa. Mji huu jina linatosha. Ukisema Waithera watu wanajua babako alitoka wapi, ukisema Esekon wanajua, ukisema Warfa wanajua hata duka atakalokopeshwa sukari na mtu atakayempigia kura. Asiyetaja kabila ni polisi, au ni tapeli, au amekimbia kesi. Hakuna wa nne.

Lakini mapenzi hayana adabu. Mkumbo alikodi meza upande wa pili wa njia, na kila asubuhi alimsalimu kabla hajafungua kufuli. Alikodi pia chumba kwa Mzee Aule, Mturkana aliyekuwa askari wa soko zamani, sasa mstaafu wa koti la kijeshi na kofia yenye unyoya, asiyekwenda popote bila kigoda chake cha mti. Baada ya muda simu zikaanza.

"Umelala, kipenzi?"

"Nimelala. Hii ni sauti ya ndoto."

"Basi niambie ndoto inakula nini."

"Ndoto inakula githeri. Na ndoto inauliza, wewe ni kabila gani?"

"Lala salama, mama."

Akakata simu akicheka, naye Mugure akabaki gizani anatabasamu na kushuku kwa wakati mmoja. Uso mmoja ulifanya kazi zote mbili.

Jumapili moja walikaa kibandani kula nyama, yeye Mugure amevaa gauni la manjano la mabega wazi, Mkumbo lile shati lake jeupe. Karibu yao wanawake wa soko walikuwa wamemzingira mwakilishi wa wadi, wanamfokea juu ya mifereji mikavu, mmoja anamtikisia mtungi usoni. Mkumbo aliacha kutafuna.

"Jamani! Hivi anaruhusu?"

"Aruhusu nini? Tulimwandika kazi. Huko kwenu maji ikikosa mnafanya nini?"

"Tunasubiri. Tukiitwa mkutanoni tunapiga makofi, halafu tunarudi kisimani."

"Mnanyamaza kwa adabu ama kwa woga?"

Mkumbo akaweka mfupa chini. "Vyote viwili. Lakini umeme umefika hadi kwa bibi yangu kijijini. Unga si ghali hivi. Na sijawahi kuulizwa kabila na mtu anayeniuzia chai."

"Sisi tuko na lami mpaka Moyale," Mugure akajibu upesi, kwa kuwa nchi yake aliruhusu kuitukana yeye peke yake. Kisha sauti ikashuka. "Lakini kwa hiyo lami mimi napita kizuizi cha polisi nikiwa nimelala, na Fahmo wa maziwa, kwa kuwa ni Msomali, anashushwa aonyeshe kitambulisho. Na kupata hicho kitambulisho, wazee walimuuliza babu yake alizikwa wapi."

"Na wewe?"

"Mimi? Hapa Isiolo naambiwa nirudi Murang'a. Nikienda Murang'a kwa shosho, mama ya baba, wananiita msichana wa Isiolo. Baba amelima Burat tangu akiwa kijana, na bado wanamuita mgeni."

"Ukija Singida utaitwa Mkenya. Basi."

"Kumbe ndio niwe Mkenya ni lazima nivuke mpaka!"

Walicheka wote wawili, halafu Mkumbo akamshika mkono juu ya meza, mbele ya watu, na Mugure hakuuondoa. Alimpenda. Alijua siku hiyohiyo kwamba anampenda, na akaogopa.

Woga wake ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa Burat. Tangu ardhi ya Isiolo ianze kupanda bei, mabroka walikuwa wakija mashambani na maswali ya upole. Mzee Kinuthia alihamia lini? Alipewa na nani? Mpaka unaishia wapi? Mara ya mwisho babake kuulizwa hivyo, vigingi vilipigwa katikati ya mahindi yake, na kesi ikamzeesha kuliko jembe. Shamba lilibaki mikononi mwake, lakini tangu siku hiyo nyumba ile ilisikia swali na kuona kigingi.

Kwa hiyo babake alipompigia simu asubuhi moja, Mugure alisimama na kikombe cha kupimia maharagwe hewani.

"Kuna mzee anazunguka kwa majirani," alisema Kinuthia. "Mturkana na koti ya jeshi. Anauliza tulikuja lini, shamba ni kubwa aje, na nikifa itabaki na nani."

"Ako na kigoda?"

"Ako na kigoda. Unamjua?"

Alimjua. Tena alipokata simu na kutoka nje, sauti ya Mkumbo ilikuwa inatoka nyuma ya magunia, ya chinichini, kwenye simu, si ile ya kipenzi umelala. "Umeshafika Burat, mzee? Majirani wamesemaje? ... Vizuri. Rudi tena kesho. Hapana, Mugure asijue kwanza."

Mugure alirudi dukani akakaa juu ya gunia. Kajuju akaja, akasikiliza yote, akabetua mdomo.

"Si nilikuambia? Mwanaume hana kabila na ako na heshima mingi hivyo? Huyo ametumwa, Mugure. Wanatafuta msichana wa mwenye shamba, wanamuimbia kwa simu."

"Labda kuna sababu."

"Basi muulize."

Hapo ndipo alipokosea. Hakuuliza. Alivuka njia akiwa na aproni yenye vumbi la unga, akasimama mbele ya meza ya vitunguu, na kile alichokisema soko zima lilikisikia.

"Wewe Mkumbo! Hiyo upole yako yote ilikuwa ya shamba ya baba yangu? Unatuma Aule akapime Burat, halafu usiku unaniita kipenzi? Nilijua! Mtu anaficha kabila anaficha kila kitu!"

Wapima viazi wakaacha mizani. Mkumbo alimtazama. Alisema tu, kwa sauti ambayo Mugure peke yake aliisikia, "Naomba tusiongee hivi mbele za watu, Mugure."

"Jibu!"

Hakujibu. Alianza kurudisha vitunguu kwenye gunia, kimoja kimoja. Kwa soko lile kunyamaza ni kukiri, na watu wakaguna wakatikisa vichwa. Mugure akarudi dukani na ushindi wake, akajifungia, akalia hadi aproni ikaloa.

Kesho yake meza ya ng'ambo ilikuwa tupu. Mtu aliyekuja ni Mzee Aule. Alipita katikati ya wateja, akaweka kigoda chake ndani kabisa ya duka, akakaa, akavua kofia yenye unyoya.

"Mimi sijawahi kuaibishwa hivi," alisema. "Mimi natumwa maneno ya bibi, wewe unasema mbele ya watu ni maneno ya shamba."

"Bibi gani, mzee?"

"Bibi ni wewe! Huyu kijana anasema kwao mtu haendi kuomba msichana na mdomo yake mwenyewe. Anatafuta mzee, anamuita mshenga. Huyo mzee anaenda kwanza kwa wazazi, anaangalia kama watu wako sawa, kama kuna mtu mwingine ameomba. Huyu hapa hana baba, hana mjomba. Akaniambia, Mzee Aule, naomba uwe mzazi wangu. Mimi nikaona hiyo ni heshima kubwa."

Mugure alishika ukingo wa meza. "Na maswali ya shamba? Na nani atabaki nalo?"

"Sasa ningeuliza nini?" Mzee alifungua mikono, amekereka kweli. "Sisi tukienda kuomba msichana, tunauliza ng'ombe. Ziko ngapi, ziko na alama gani, nani anachunga. Baba yako hana hata moja! Mkikuyu ng'ombe yake ni shamba. Nikauliza shamba."

Kajuju, aliyekuwa amesogea mlangoni kusikiliza, alirudi kwa vitenge vyake bila kuaga.

"Yuko wapi?" Mugure aliuliza.

"Ako kwa malori. Inaenda Namanga mpakani leo."

Alipiga simu akikimbia. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, akapita wauza miraa na duka la Warfa la mikeka, kiatu chekundu kikimchubua kisigino. Alipofika penye malori, turubai lilikuwa linafungwa, na Mkumbo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, begi miguuni, simu inaita mkononi mwake naye anaitazama tu.

"Shika simu," Mugure akamwambia, akihema.

Aliinua kichwa. Hakutabasamu. Polepole akaiweka simu sikioni. "Haloo."

"Nimekosa," alisema Mugure kwenye simu, wakiwa wametenganishwa na hatua chache za vumbi na mafuta. "Mzee Aule ameniambia. Nimekuaibisha mbele ya soko yote na ulikuwa unanitafutia heshima. Nisamehe."

"Ungeniuliza, Mugure."

"Na wewe ungeniambia!"

"Kwetu mzazi ndiye wa kwanza kusikia. Nilitaka babako aseme huyu kijana amelelewa."

"Na jana? Kwa nini hukujitetea? Neno moja tu!"

"Ukisingiziwa mbele za watu unanyamaza. Ukweli utakuja kujulikana. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hapa ukinyamaza umekubali! Hapa unapiga kelele mpaka wachoke!" Akashusha simu, akamsogelea hadi aproni yake ikagusa magoti ya Mkumbo. "Sisi tumefundishwa kushuku, Mkumbo. Kila mtu akiuliza, naona vigingi. Hata nikikupenda naona vigingi. Na nakupenda. Sasa nimesema na mdomo yangu, bila mzee."

Dereva akapiga honi. Mkumbo akatazama lori, akatazama kisigino cha Mugure kilichochubuka. Alitoa ile leso, akainama, akamfunga kisigino taratibu.

"Mwambie dereva aende," Mkumbo akasema.

Jumapili iliyofuata walikwenda Burat. Mzee Aule alitangulia na kigoda chake, Mkumbo nyuma na shati jeupe na gunia la vitunguu, Mugure mwisho, amevaa lile gauni la manjano na shali juu ya mabega kwa ajili ya babake. Kinuthia aliwapokea akiwa amesimama mlangoni, hakuwakaribisha kuketi. Alimsikiliza Aule hadi mwisho, akiangalia mikono ya kijana, viatu vya kijana, mahali macho ya kijana yalipotazama. Hayakutazama shamba. Hilo alilitambua, lakini halikumtosha.

"Kijana," alisema, "mimi nimeulizwa maisha yangu yote mimi ni wa wapi. Leo na mimi nitauliza. Wewe ni kabila gani?"

Mugure alifumba macho. Alimjua Mkumbo, na alijua babake asivyopenda kuzungushwa. Angesema mimi Mtanzania tu, na mlango ungefungwa.

Mkumbo alivua kofia. "Mnyiramba, baba."

Mugure akafumbua macho. Miezi yote ile ya simu na kubembeleza hakumpa neno hilo, na sasa alikuwa amelitoa wazi, kwa mzee mwenye haki ya kuuliza.

Kinuthia alilirudia taratibu. "Mnyiramba." Alitazama angani, kama mtu anayepitia kesi zake zote, vizuizi vyote na chaguzi zote alizoziona. Alimgeukia Aule. "Wewe unawajua hao?"

"Hata sijawahi kusikia," alisema Aule.

"Mimi pia." Mzee akasogea pembeni, akauachia mlango. "Basi hao hatujawahi kukosana nao. Ingieni mkunywe chai."