Mafunzo Kwanza, Bastola Baadaye

Siku aliyokwenda kwenye maonyesho ya bunduki pale Tulsa, Twyla Gaines alivaa gauni lake la rangi ya haradali na koti la jinzi, akajipaka rangi nyekundu mdomoni, kwa kuwa alikuwa amejiapiza kwamba haendi kule kama mtu mwoga. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Bastola zilipangwa mezani safu kwa safu, wanaume wenye kofia pana wakizishika na kuzirudisha, na harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imechanganyika na ya soseji za kukaanga.

"Hii ndiyo yako, bibie," muuzaji mmoja alimwita, akimwonyesha kibastola cha rangi ya waridi. "Ndogo, nyepesi, inaingia kwenye mkoba."

"Nani atanifundisha kuitumia?"

"Kufundishwa tena? Unalenga, unafyatua, basi. Hiyo si mashine ya kufulia."

"Hata mashine ya kufulia nilifundishwa," Twyla alijibu.

Nyuma yake mtu aliangua kicheko. Twyla akageuka kwa hasira, kiwiko chake kikagonga sahani ya karatasi, na vibanzi vyenye jibini la moto vikammwagikia mwenye sahani mapajani. Alikuwa mwanamume mrefu, kifua kipana, bizimu ya mkanda imeng'arishwa, na suruali yake ya jinzi ilikuwa imepigwa wanga mpaka mkunjo unasimama wenyewe, kama wafanyavyo wanaume wa Oklahoma wanapotaka kuonekana.

"Ole wangu," Twyla alisema. "Samahani sana, kaka."

"Usijali. Jibini linaondoka. Wanga ndio ulionitesa." Alijifuta kwa leso, macho yakimcheka. "Garland Pruitt. Natengeneza viyoyozi. Wewe je?"

"Twyla. Natengeneza meno ya bandia."

"Basi nikizeeka najua pa kwenda."

Twyla alicheka bila kutaka. Kabla jibini halijakauka walikuwa wameketi kwenye benchi la plastiki wakinywa chai baridi ya sukari, na akajikuta akimsimulia jambo ambalo hata dadake hakulijua lote. Alirudi kutoka kazini mchana mmoja akakuta mlango wa jikoni umevunjwa. Hakikuibwa kitu. Mtu alikuwa ameingia, akala kuku aliyebaki kwenye friji, akaosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini mahali pake.

"Akaosha sahani?" Garland aliuliza, na kicheko kikamfutika usoni.

"Akaosha. Polisi wananiambia, mama, mbona hujaibiwa? Tangu siku hiyo nalala kwenye kochi sebuleni, taa zinawaka. Nyumba nimeinunua kwa jasho langu, Garland, halafu nalala kama mgeni. Nataka bastola. Ila nataka nifundishwe kwanza, niijue, ndipo niinunue."

"Na mimi nimekaa hapa hapa, nimeshika bunduki tangu sijaota ndevu! Nitakufundisha mwenyewe, bure."

Hapo ndipo Garland alipojipalia makaa, ingawa wakati ule hakuhisi moto wowote.

Kwanza yalikuja mapenzi. Garland alipiga simu kila jioni. "Asali wangu, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wewe ni daktari wangu?" "Ni fundi wako. Nakagua mitambo." Alimtengenezea mlango wa jikoni, akaweka makomeo mawili, akakataa kulipwa isipokuwa kwa pai ya pichi. Walicheza dansi Jumamosi kwenye ukumbi mmoja katikati ya mji, yeye na buti zake za ngozi ya mbuni, Twyla na sketi nyeusi iliyopepea kila alipozungushwa, na akina mama waliokaa pembeni wakawa wanapigana viwiko. Twyla alimpenda. Hakuwa na haja ya kulificha jambo hilo. Lakini usiku ulipoingia alirudi kwenye kochi lake, na kila alipomkumbusha Garland habari ya mafunzo alijibiwa, "Yanakuja, mpenzi, haraka ya nini?"

Yakaja kweli. Jumapili moja Garland alimpeleka shambani kwa mjomba wake, nje ya mji, ambako ukoo mzima ulikuwa unachoma mbavu za nguruwe. Baada ya kula wakaenda nyuma ya zizi, makopo yakapangwa juu ya gogo, na Wes, binamu yake Garland, akaleta rivolva kubwa, nzito kama pasi ya mkaa.

"Si kubwa mno kwa kuanzia?" Twyla aliuliza.

"Wewe shika tu, asali. Lenga kopo la katikati."

"Miguu niiweke vipi?"

"Vyovyote vile!"

Twyla alitazama nyuma. Shangazi wawili walikuwa wameinua shingo. Wes alikuwa anauma mdomo. Garland alikuwa ameshika simu, akimpiga picha za video. Twyla akadhani ni fahari ya mpenzi. Akafyatua.

Mlio ulimwingia mpaka kwenye meno. Bastola iliruka ikarudi nyuma, ikamgonga juu ya jicho, na alipofumbua macho alikuwa ameketi kwenye majani, damu yenye joto ikimtiririkia puani. Na watu walikuwa wanacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na aliyecheka kuliko wote, simu ikimtetemeka mkononi, alikuwa Garland.

"Karibu kwenye ukoo!" Wes alipaza sauti.

Twyla akasimama. Akaiweka rivolva juu ya gogo polepole, mtutu ukitazama mbali na watu. "Nipeleke nyumbani."

"Mpenzi, ni utani wetu tu! Kila mtu hapa ameanza hivyo. Hata mimi, baba yangu aliniangusha hivyo hivyo, watu wakacheka wiki nzima."

"Nilikuambia habari ya sahani," Twyla alisema. "Hata dadangu sikumwambia yote. Nikakuambia naogopa nyumbani kwangu. Na wewe ukaona hicho ndicho cha kuchezea."

Garland akamrudisha nyumbani. Jioni Wes akaisambaza ile video kwa ukoo mzima, na rafiki wa rafiki akamfikishia Twyla. Aliitazama mara moja tu. Kilichomuuma hakikuwa kuanguka. Kilimuuma kicheko kilichosikika karibu kuliko vingine vyote, kile alichokuwa amekizoea kwenye simu.

Mwanamke mwingine angeacha. Twyla alipiga moyo konde. Aliuliza huku na huku mpaka akaelekezwa kwa Bi Opal Stiles, askari magereza mstaafu, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na fulana ya kijani, anayefundisha kwenye uwanja wa shabaha upande wa mashariki wa mji. Bi Opal alimtazama paji la uso kabla hata hajamtazama machoni.

"Alama hiyo naijua. Nani kakupa kubwa?"

"Mpenzi wangu. Aliyekuwa mpenzi wangu."

"Hm. Kila mwaka naletewa paji kama hilo. Wengi huja na bastola ya waridi waliyonunuliwa. Wewe umeileta?"

"Sijanunua. Nataka kujua kwanza."

"Mungu ni mkubwa," alisema Bi Opal. "Kaa mbele."

Siku ya kwanza hapakuwa na risasi hata moja. Walifundishwa kusimama, kushika, kupumua, kuweka kidole mbali na kifyatuo mpaka moyo umekwisha kuamua. Waliambiwa pia mambo ambayo Twyla hakuyategemea: kwamba mlango imara ni bora kuliko bastola, kwamba simu ya polisi hupigwa kwanza, kwamba risasi ikishatoka hairudi na mwenye kuifyatua atalala nayo maisha yake yote. Alirudi nyumbani akiwa amechoka na ametulia. Mikono yake, iliyozoea kuchonga meno madogo madogo, ilikuwa imeanza kujiamini.

Simu ikalia. Ilikuwa imelia wiki nzima bila kupokelewa. Safari hii akaipokea.

"Twyla? Ni mimi."

"Najua. Jina lako linaonekana. Nilitaka kulifuta nikakosa muda."

"Nimefuta ile video."

"Umefuta ya kwako. Za wenzako je?"

"Asali wangu, nifanye nini?"

"Asali ya nani? Mimi sina la kukutuma, Garland. Jiulize mwenyewe ulichekea nini, ukipata jibu usinipigie, maana nitakuwa darasani kwa Bi Opal."

Darasa lililofuata, Twyla aliingia akakuta mwanamume mrefu amekaa kiti cha nyuma, magoti yamegusana na meza, kofia iko mapajani. Suruali haikuwa na wanga. Moyo ulimpiga, akaukemea, akaenda kukaa mbele.

Bi Opal alikuwa na desturi yake: kila mwanafunzi mpya husimama na kusema kilichomleta. Mama mmoja alisema anaishi peke yake mbali na majirani. Kijana mmoja alisema amerithi bastola ya babu yake. Kisha Garland akasimama.

"Nimekuja kwa sababu nilimcheka mtu aliyeniomba nimfundishe."

Chumba kizima kikageuka. Twyla hakugeuka, lakini shingo yake ilipata moto.

"Unajua kupiga?" Bi Opal aliuliza.

"Tangu mtoto, mama."

"Basi umezoea, hujajua. Nionyeshe unavyoshika." Akampa bastola tupu ya mazoezi. Garland akaishika, na mwanamke yule mfupi akamchapa kofi dogo mkononi. "Kidole! Unakiweka kwenye kifyatuo kabla hujaamua. Nani alikufundisha hivi?"

"Baba yangu."

"Na yeye alicheka pia?"

"Alicheka, mama. Nililia, naye akacheka zaidi."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu siku hiyo ulikuwa umevaa fulana ya kijani. Garland alisahihishwa mbele ya watu mpaka jasho likamtoka, na kila mara alijibu, "Ndiyo, mama." Zamu ya Twyla ilipofika kwenye uwanja, alivuta pumzi, akaiachia nusu, akafyatua. Karatasi ya shabaha iliporudishwa, matundu yake yote yangeweza kufunikwa kwa kiganja kimoja. Watu wakapiga makofi. Garland naye alipiga, wala hakujaribu kumpigia jicho.

Alimngoja nje, kando ya gari lake, mbali kidogo ili asimzibie njia.

"Umekuja kunionyesha kwamba umejuta?" Twyla alimuuliza.

"Nimekuja kujifunza. Kujuta nilishajuta kabla." Alikuwa anaizungusha kofia mkononi. "Jumapili Wes alitaka kumfanyia binti yake vile vile. Katoto kamesimama pale kanatetemeka, watu wametoa simu. Nikamnyang'anya ile rivolva, nikamwambia hapa haangushwi mtu tena. Mjomba amekasirika, Wes hataki hata kuniona. Nimeambiwa najifanya bora kuliko baba yangu."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba baba yangu nilimpenda, na sikumwamini tena mpaka alipokufa. Sitaki uwe hivyo na mimi, Twyla. Uniache kama utaniacha, lakini usinipende huku unaniogopa."

Twyla alimtazama sana. Machozi yalimjia, akayaacha yaje. "Nilikuwa nakukumbuka kila jioni, mshenzi we," alisema. "Nakula, halafu hakuna wa kuniuliza nimekula nini."

"Umekula nini?"

"Usinichekeshe. Bado nina hasira."

Mafunzo yalipokwisha, Twyla akaenda dukani kununua. Alimruhusu Garland amsindikize. Muuzaji, kijana mwenye ndevu za kuchana, alimpita Twyla kwa macho, akamwelekea mwanamume.

"Mkeo anatafuta ya aina gani, bwana?"

"Muulize mwenyewe," Garland alisema. "Mimi nimepita darasani nyuma yake."

Twyla aliomba ya ukubwa wa kati, nzito kiasi cha kutulia mkononi. Akahakikisha haina risasi, akaipima kwa mikono miwili, akairudisha, akaomba nyingine, mpaka akapata iliyokaa mkononi kama ilizaliwa naye. Jina lake likatumwa serikalini kuchunguzwa. Kijana akawaeleza kwamba majibu huwa ni matatu: amepita, amekataliwa, au amecheleweshwa, na wa kucheleweshwa husubiri siku kadhaa za kazi.

Wakangoja wameegemea kaunta. Garland akavua kofia. Aliinama sikioni mwa Twyla.

"Twyla. Yule kijana amekuita mke wangu nami sikumsahihisha. Nilitamani isiwe makosa. Utakubali kuolewa na mimi?"

Twyla alifungua mdomo, na simu ya kaunta ikalia. Kijana akasikiliza, akaweka simu, akatabasamu, na safari hii alimtazama mwenyewe machoni.

"Umepita, mama."

Twyla alitia saini, akabeba kasha lake, akaanza kuelekea mlangoni. Garland akamfuata mbio.

"Na mimi je?"

"Wewe umecheleweshwa."

"Nimecheleweshwa!"

"Hujakataliwa, baba. Nenda kasubiri kama raia wengine."

Alisubiri. Hakupiga simu, hakutuma maua, ingawa inasemekana viyoyozi alivyovitengeneza siku hizo vilirudishwa kwa marekebisho. Twyla naye alikuwa na kazi yake. Alilifungia kasha ndani ya sefu ndogo kando ya kitanda, akatandika mashuka mapya, akazima taa moja baada ya nyingine, akalala chumbani mwake mpaka jua lilipomwamsha. Akalala hivyo tena usiku wa pili. Alitaka kuwa na hakika kwamba akimwita mwanamume aje katika nyumba hii, hamwiti kwa sababu ya woga.

Asubuhi, kabla hajakwenda kazini, akachukua simu. Ililia mara moja tu.

"Halo?" Garland alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa na simu mapajani.

"Bwana Garland Pruitt?"

"Ndiye mimi."

"Umepita," Twyla alisema.