Misuko ya Tortel

— Misuko yako iko wapi?

Aypa aliuliza hivyo huku maziwa ya farasi yakimwagika kutoka kwenye ndoo aliyosahau kuwa ameishika. Mlangoni mwa hema alisimama Tortel, mchumba wake. Nywele zimekatwa usawa wa masikio, mwilini kavaa koti fupi la Kihungaria.

— Nimeikata.

— Umeikata? Ile niliyokuwa naisuka kwa mikono yangu?

Enzi zile sisi Wakumani, wafugaji wa farasi tuliohamia nyika za Hungaria, tulijulikana hata kwa mbali: kofia ya sufu iliyochongoka, joho la kufungia ubavuni, mkanda wa fedha, na misuko ikirukaruka mgongoni farasi akikimbia. Aliyekata misuko alikuwa kama ametukana kaburi la babu yake.

Mzee Arbuz, baba yake Aypa, akatoka.

— Baba mkwe...

— Mkwe wa nani? Umekwenda kwenye ngome ya Wahungaria, umerudi umenyolewa kama kondoo! Binti yangu haolewi na kondoo.

Aypa akamvuta mchumba wake mkono.

— Tortel, sema kitu basi!

— Nimeapa sitasema.

Akashika hatamu za farasi wake aondoke. Mara farasi mwingine akaibuka vumbini. Alikuwa Keldech, kaka yake Aypa, aliyefungwa na bwana wa ngome ile tangu majira ya theluji. Amekonda, lakini misuko yake anayo, na joho alilovaa ni la Tortel.

— Baba, unamfukuza nani? Yule bwana alisema hanifungulii mpaka ninyolewe mbele ya watu na kuvuliwa joho. Tortel akapiga magoti badala yangu, na joho alilovuliwa akanivika mimi. Akasema, “Mzee akimwona mwanawe bila misuko, atakufa.”

— Keldech, si niliapa hili halitajulikana!

— Uliapa wewe, mimi sikuapa.

Mzee Arbuz alimkumbatia mwanawe. Kisha akavua kofia yake, akamvika Tortel. Ikateleza mpaka machoni, maana nywele za kuishikilia hazikuwepo. Aypa akacheka huku machozi yanamtoka.

— Mwanangu, — mzee alisema kwa sauti ya kukwaruza, — nenda kachague kondoo wa harusi. Yule mnono.

Wakaoana.

Leo wajukuu wao wanavaa makoti mafupi na kunyoa kwa hiari yao. Hakuna anayewalazimisha, wala anayewalilia. Wakimuuliza Bibi Aypa kama ni kweli babu alipendeza kwa ile misuko, bibi hutazama nyika, kisha hutabasamu.

— Alipendeza sana. Lakini mimi nilimpenda zaidi siku aliyorudi hana.