Kompyuta Iliyoitikia Kamwene

Apolonia alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mlandege, mjini Iringa. Kutwa alikaa kwenye kompyuta. Barua, mitihani ya shule, ratiba za mazishi, vyote vilipita mikononi mwake. Sasa mikono ilikuwa imechoka. Viwiko viliuma, vidole vilikufa ganzi. Daktari alimwambia aipumzishe mikono.

"Funga duka, Mama Happy," mumewe Sosthenes alisema. "Mikono haina spea."

"Nikifunga tutakula nini?" alijibu bila kuinua kichwa.

Jirani yao Tumpe, mwalimu wa kompyuta, alikuja kutoa kopi. Akamkuta Apolonia ameshika kipanya kwa mikono miwili.

"Dada, kazi nyingine iagize kwa mdomo," alisema. "Ipo programu inayosikiliza sauti. Unarekodi maneno yako, unaiambia ikiyasikia ifanye nini. Kufungua faili, kuhifadhi, kuchapa."

"Hata Kihehe?"

"Hata Kihehe. Inafananisha sauti tu."

Apolonia akachagua neno lililomjia haraka: kamwene, salamu ya nyumbani. Akilitamka, printa ichape.

Kesho yake alikuwa akiandika ratiba ya mazishi ya mzee Ambrosi. Mtoto wa marehemu, Ezekia, alisubiri kwenye benchi. Gari la kwenda mazishini Idodi lilikuwa likimsubiri nje. Mara akaingia mteja.

"Kamwene!"

"Kamwene," Apolonia akaitikia.

Printa ikanguruma. Ratiba ambayo alikuwa hajaihakiki ikaanza kutoka, nakala juu ya nakala kwa idadi aliyokwisha kuipanga, mpaka karatasi zikaisha.

Ezekia akaokota moja. Akaisoma, akaweka kidole kwenye jina.

"Mama, umeandika Amrosi," alisema taratibu. "Baba yangu ni Ambrosi."

Apolonia alitamani ardhi immeze. Akaomba radhi, akaazima karatasi duka la pili, akarekebisha jina kwa vidole vile vile vinavyouma. Ezekia aliondoka amechelewa, wala hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza Apolonia zaidi.

Tumpe alipopita, alimkuta ameinamia meza, akasimuliwa yote.

"Kosa ni langu pia, sikukueleza vizuri," alisema. "Usichague neno la kila siku. Chagua maneno mawili matatu ambayo hakuna anayeyasema dukani. Ipange ikuulize kwanza kabla ya kuchapa. Kufuta faili usiiagize kabisa kwa sauti. Na ukiwa unaongea na wateja, zima maikrofoni."

Wakarekodi upya: "Printa simba mweupe." Kompyuta ikauliza, "Nichape?" Apolonia akasoma kazi yake mwanzo hadi mwisho, ndipo akajibu, "Chapa nakala."

Uchovu haukuisha mara moja. Kuandika bado kulihitaji vidole. Lakini kule kubonyeza mara mamia kwa siku kulipungua, na ganzi ikapungua nayo. Duka halikufungwa.

Jumapili moja baada ya ibada, Apolonia alimkalisha binti yake Happy mkekani, akaanza kumsuka nywele, kazi aliyokuwa ameiacha tangu mikono ianze kuuma. Alisuka mistari michache, akapumzika, akaendelea.

"Mama, mikono haiumi?" Happy aliuliza.

"Kidogo tu," alisema. "Geuza kichwa."