Kaburi la Babu Silvano

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sesilia alimpashia bibi yake maji ya kunawa, akafungulia kuku na kumkatia ng'ombe majani. Alisoma darasa la sita katika shule iliyo juu kidogo ya mji wa Lushoto. Jumatano moja hakubeba madaftari, kwa sababu darasa lake lilikuwa linakwenda kutembelea jiji la Tanga.

Bibi Modesta alimwita kabla hajatoka. Bibi alikuwa na kaka, Silvano, aliyeacha shule ili yeye, mdogo wake, asome, akaenda kufanya kazi bandarini Tanga. Huko aliugua akafariki, mwaka ambao mvua ilibomoa barabara ya mlimani. Mwili haukuweza kupandishwa wala ndugu hawakuweza kushuka. Barua ya mwinjilisti ilisema tu kwamba amezikwa nyuma ya kanisa la zamani, karibu na ukuta, na kwamba amewekewa msalaba wa chuma wenye jina.

"Mtafute," alisema Bibi. "Toka azikwe, hakuna hata mmoja wetu aliyesimama pale."

Sesilia aliahidi kwa moyo wote, na alikusudia kutimiza. Lakini Tanga ilikuwa na mambo. Waliona mnara wa saa, majengo ya Wajerumani na bustani ya kando ya bahari. Mwishowe Mwalimu Halima aliwapeleka nyuma ya kanisa lile lile, akawapa nusu saa ya kusoma majina na miaka kwenye makaburi ya kale.

Sesilia alianza vizuri. Alikuwa amemaliza safu mbili rafiki yake Husna alipomwita aje aone meli inaingia. Meli yenyewe ilikuwa kubwa kuliko shule yao yote! Walipanda juu ya ukuta wakaitazama weee, mpaka filimbi ya mwalimu ikalia. Ndipo Sesilia akakumbuka alichotumwa, na muda ulikuwa umekwisha.

Jioni Bibi alikuwa barazani, amejifunika shuka, akimsubiri.

"Umemwona?"

Uso wa Bibi ulikuwa na hamu kama wa mtoto, naye Sesilia hakupata ujasiri wa kuivunja hamu hiyo. "Nimemwona, Bibi. Msalaba upo, na jina linasomeka."

Bibi alilia, akamshika mikono na kumshukuru mara nyingi. Kisha akasema jambo ambalo Sesilia hakulitegemea. Mjomba Fanueli, anayepeleka kabichi Tanga kwa lori, alikuwa amemwahidi Bibi nafasi ya mbele Jumamosi ile. Sasa Bibi aliona hakuna haja ya kuyatesa magoti yake. "Macho yako yamenitosha," alisema.

Tangu hapo Sesilia hakuwa na raha. Kila jirani aliyekuja alisimuliwa habari za ule msalaba. Bibi alikuwa anaacha safari aliyoingojea maisha yake yote, kwa ajili ya maneno ya uongo. Kama hangekwenda sasa, kwa umri ule, pengine hangekwenda tena.

Jumamosi asubuhi kabichi zilikuwa zinapakiwa. Bibi alikuwa ndani, analirudisha sandukuni gauni lake la kanisani alilokuwa amelitoa kwa ajili ya safari. Sesilia alijikaza akaingia.

"Bibi, sikumwona Babu Silvano. Nilikuwa natazama meli."

Bibi alifunga sanduku, akakaa kitandani. Sesilia alitamani hata angechapwa. Kisha Bibi akalitoa tena gauni.

"Vaa viatu," alisema. "Mwambie mjomba wako tuko wawili."

Walifika mchana, jua likiwaka. Kwenye ukuta hapakuwa na msalaba wowote uliosimama. Sesilia alipiga magoti, akawa anapekua nyasi kwa mikono, safu baada ya safu, kijasho kikimtoka. Kwenye kona kabisa vidole vyake viligusa chuma. Msalaba ulikuwa umeanguka kifudifudi na kutu imeula, lakini alipoufuta kwa kanga, herufi zilionekana: SILVANO.

Bibi aliketi chini palepale. Alizungumza na kaka yake kwa Kishambaa, polepole, akamweleza wazazi walivyofariki, na kwamba barabara ya mlimani siku hizi ni ya lami. Mjomba Fanueli aliusimamisha msalaba na kuukaza kwa mawe. Sesilia alisimama pembeni analia.

"Njoo hapa," Bibi alimwambia, akamvuta karibu. "Kusahau ni kwa kila mtu, hata mimi nasahau. Ungeniambia siku ile, ningehuzunika nikalala. Lakini uliposema msalaba upo, ulinifanya nimwache ndugu yangu amelala kwenye nyasi, huku mimi nashukuru. Ukitumwa ukashindwa, mjukuu wangu, rudi useme umeshindwa. Aliyekutuma atajua pa kuanzia."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilishakusamehe pale nilipokuambia uvae viatu. Sasa msalimie mwenyewe."

Sesilia alifuta machozi, akainama mbele ya msalaba. "Shikamoo, Babu," alisema. "Mimi ni Sesilia, mjukuu wa Modesta. Ni mimi niliyekupita Jumatano."