Sauti ya Nyuma ya Pazia

Kila siku akitoka shule, Kasuku alivua sare, akavaa gauni la nyumbani na kwenda saluni kwa mama yake. Kazi zake zilikuwa zile zile: kufagia nywele sakafuni, kuosha machanuo kwa maji ya sabuni, na kuwaambia wateja kwamba mama anamaliza sasa hivi, hata kama kazi ndiyo kwanza imeanza. Jina la Kasuku alipewa na wateja hao, maana aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Mtu akikohoa mlangoni, naye alikohoa vile vile, mpaka mwenye kikohozi anacheka.

Jioni mama alizima mashine ya kukaushia nywele, redio ikapandishwa. Huo ulikuwa wakati wa mchezo wa Mlango wa Uani. Watu walimpenda binti wa mchezo ule na kumchukia mama yake wa kambo, mwenye sauti ya kukwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. Cha kuchekesha ni kwamba mwigizaji wa sauti ile alikuwa mteja wa saluni hii hii. Mwanamke mpole kabisa. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Wateja waliokosa kipindi walikuwa hawaishi kumpigia mama simu wasimuliwe. Mama, mikono yake imejaa nywele za watu, akaona bora afungue kundi kwenye simu na kazi hiyo amwachie Kasuku. Kipindi kikiisha, Kasuku aliingia nyuma ya pazia, penye ndoo na mataulo, akarekodi masimulizi mwanzo hadi mwisho, kila mhusika na sauti yake. Wateja walicheka, wakamwombea maisha marefu, na hapo hapo wakauliza kama kesho kuna nafasi ya kusuka.

Kundi likakua. Mteja mmoja alimwingiza dada yake, dada akawaingiza wenzake wa kazini, na hao wakawaingiza watu ambao hakuna aliyewajua. Simu ya mama ikawa inajaa kila mara. Akatokea mtu anayejiita Kamanda, akaandika kwa adabu, "Mama, nikusaidie usimamizi?" Mama akafurahi kuutua mzigo.

Haikuchukua muda, kundi likabadilishwa jina likawa Jeshi la Mlango. Wakagawanyika, hawa upande wa binti, wale upande wa mama wa kambo, wakatukanana kutwa nzima. Aliyeomba kusimuliwa aliambiwa, "Kama husikilizi redio, umefuata nini hapa?" Wateja wa zamani wakanyamaza mmoja mmoja. Kasuku peke yake hakunyamaza. Aliendelea kurekodi kama siku ya kwanza, na watu wasio na sura walimsifu, naye sifa zikamkolea.

Siku moja, akimalizia masimulizi, akatia utani wake kwa sauti ya mama wa kambo: "Na nyinyi mnaonisikiliza, wajinga wakubwa! Mnalilia watu wa redioni, watoto wenu wanalala njaa!" Akacheka, akatuma, akaenda kufanya kazi za shule.

Wiki iliyofuata mwigizaji aliingia saluni akiwa amejifunika mtandio mpaka puani.

"Nifumue tu, dada," alimwambia mama. "Sina haja ya kupendeza. Nimesimamishwa kazi."

"Kwa kosa gani tena?"

"Kuna sauti inazunguka kwenye simu. Eti nimewatukana wasikilizaji. Meneja kaniwekea nikaisikia. Nimemwambia si mimi, anasema, 'Mama, sauti yako nisiijue?' Jana sokoni nimezomewa. Mtu mzima mimi, nimekimbia na kikapu kichwani."

Mteja mwingine aliyekuwa anangoja, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, akachomoa simu. "Hii hapa, hata mimi nimetumiwa. Ngoja muisikie."

Sauti ikajaa saluni. Kicheko cha mwishoni kilikuwa kimekatwa, na masimulizi yote ya mwanzo hayakuwepo. Kilichobaki ni tusi peke yake. Kasuku aliacha kufagia. Mama aliendelea kufumua, lakini vidole vyake vilipunguza mwendo, na macho yake yakamtafuta mwanawe kupitia kwenye kioo.

Kasuku akanyakua simu ya mama, akaingia nyuma ya pazia. Akaandika kwenye kundi, "Hiyo sauti ni yangu. Nilikuwa natania. Tafadhali futeni."

Majibu yakamiminika. "Mtoto, kalale." "Kalipwa huyu." "Kwa hiyo sasa kila mtu ni mama wa kambo?" Akarekodi ile sauti upya ili waamini. Kabla haijamaliza kwenda, Kamanda alikuwa ameshamtoa. Kundi lililozaliwa kwenye simu ile sasa halikufunguka kwenye simu ile. Akawapigia wateja wa zamani. Mmoja alimwambia, "Mwanangu, mimi nilishatoka kitambo. Kule siku hizi wamejaa watu wa ajabu." Mwingine alisema yumo bado, lakini anaogopa kutukanwa.

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia bila sauti. Angemwambia nani? Hata sura ya Kamanda hakuijua.

Pazia likafunguliwa. Alikuwa mama.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamenitoa."

"Na huyu aliyekaa kwenye kiti changu, umemwambia?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Basi umeanzia kwa watu wasiohusika. Toka."

Akatoka. Akasimama mbele ya mwigizaji, macho chini. "Shikamoo, mama. Ile sauti ni mimi. Nilikuwa nawafurahisha watu."

Mwigizaji akamtazama mtoto. "Hebu iseme," alisema.

Kasuku akaisema. Mwigizaji akajishika koo, kama mtu anayehakikisha sauti yake bado imo ndani.

Kesho yake mama alifunga saluni, wakaenda watatu kituo cha redio. Meneja alikuwa na haraka na hakuwakaribisha viti. Mama akamwomba ageukie ukutani kidogo tu. Kasuku akatamka maneno yale. Meneja akageuka na kumkodolea macho mwigizaji, akakuta mdomo wake umefumba. Akavuta viti, akawakaribisha. Jioni ile kabla ya mchezo, redio ilitangaza ukweli na kumwomba mwigizaji radhi, naye akarudi kazini.

Kasuku alidhani yamekwisha. Lakini siku chache baadaye mwigizaji alipokuja kusuka, bado alikuwa na mtandio usoni.

"Tangazo limeshatolewa, mama," Kasuku alimwambia. "Si kila mtu amesikia?"

"Waliosikia wamesikia. Kamanda wako anasema redio inanikingia kifua. Jana dada yangu aliye mbali katumiwa ile sauti, kama mpya kabisa."

"Sasa nifanye nini?"

"Kule? Hakuna." Mwigizaji alisema bila hasira. "Hilo halina dawa, mwanangu, na mimi sitakudanganya kwamba lina. Ulilotakiwa kufanya umelifanya. Ulikuja ukaniambia usoni, nikarudishiwa kazi yangu. Wakubwa wengi wangekaa kimya."

Mama akachukua chanuo, akagawa nywele katikati.

"Ulipoanza," alimwambia Kasuku, "ulikuwa unaongea na watu ambao mimi navijua vichwa vyao, kovu na mvi. Wakaondoka, wakaja wengine, na wewe ukaongea vile vile kama vile wako wale wale. Nami nikawapa wageni ufunguo kwa sababu nilichoka. Kabla hujafungua mdomo, tazama kwanza nani amebaki chumbani. Kama huwajui, kaa na utani wako."

Kasuku akaitikia. Mwigizaji alivuta mtandio ukamwangukia mabegani, akainamisha kichwa ili asukwe.