Mwanya wa Asifiwe

"Cheka tena," Ezra akamwambia mtoto.

Asifiwe akacheka. Ana miaka saba, meno ya utoto yametoka, na haya mapya ya mbele yameota na mwanya mpana katikati. Ezra akasukuma sahani ya wali pembeni.

"Funga mdomo. Nenda nje."

Kisha akamgeukia mkewe.

"Kisa, mimi sina mwanya. Wewe huna. Huu umetoka wapi?"

Jamani, swali lile halikuwa lake. Mama yake alikuwa amemjaza maneno wiki nzima pale mtaani Bondeni, akimkumbusha kwamba Gwamaka, mnunuzi wa kokoa wa Kasumulu aliyewahi kumchumbia Kisa, ana mwanya.

"Umetoka kwangu," Kisa akasema. "Nilikuwa nao. Nilivalishwa vyuma vya meno Mbeya kabla hatujaoana, ukazibika. Huu waya ulio nyuma ya meno ndio unaoyashika yasiachane tena."

"Waya uliniambia uliwekewa ulipoanguka na pikipiki."

Ni kweli Kisa alimwambia hivyo. Wapo wanaousifia mwanya, lakini yeye alitaniwa shuleni mpaka akawa hapigwi picha bila kufumba mdomo, na alipompata Ezra hakutaka ajue. Kiuongo kidogo tu, ndicho kilichomponza. Mama yake mzazi alipokuja kutoka Ikolo kumtetea, akaambiwa anamfichia mwanawe.

"Mpeleke kwa baba yake," Ezra akasema, mtoto akiwa amesimama mlangoni. "Jina langu asilitumie."

Kisa na mtoto wakaondoka na mfuko mmoja, wakaenda Ikolo kwa mama yake.

Kisa alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akapanda gari kwenda Mbeya kwa daktari wa meno, akamwomba autoe ule waya.

"Nikiutoa, meno yatarudi yalikokuwa," daktari akamwonya.

"Ndicho ninachokitaka, daktari."

Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo kabla ya kwenda shambani kupalilia mpunga. Ulianza uwazi wa kupitisha uzi. Mpunga ulipovunwa, mwanya ulikuwa umerudi wote, na meseji ya Ezra ikaingia: "Nakuja na mama tulimalize hili."

Akajibu: "Karibuni."

Walipofika, mama mkwe hata kukaa hakutaka. Kisa akapiga magoti kuwasalimia, akainua uso, akatabasamu.

Mama mkwe akaangalia pembeni. Ezra akakaa kwenye jamvi.

"Mama Asifiwe, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Turudi nyumbani."

Kisa alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mimi ningekusamehe, Baba Asifiwe. Hebu muite mtoto."

Ezra akaita. Asifiwe akatoka jikoni, akamwamkia baba yake kwa adabu zote, kiganja kikiwa kimefunika mdomo.

"Mwanangu, toa mkono nikuone."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Hatautoa," Kisa akasema. "Tangu ulipomwambia afunge mdomo, hajacheka mbele ya mtu. Waya wangu aliutoa daktari. Huu uliomwekea wewe, utautoa na nini?"

Kisa akamshika mtoto mkono ule mwingine, wakaingia ndani.