Jina la Mchimbaji

Haya yalimpata rafiki yetu Nahashon, nesi anayeishi ughaibuni, mji wa Hopkins. Likizoni, yeye na mkewe Makena walitembelea kimji cha jangwani Australia, ambako watalii huteremshwa kwenye mgodi wa zamani. Ukutani, mchimbaji aliyefukiwa humo alikuwa amechonga jina lake. Nahashon alilikwangua kwa ufunguo, akachonga lake.

"Wacha jina la mtu," Makena alimwambia.

"Amekufa zamani. Atalalamika kwa nani?"

Wiki moja baada ya kurudi, alasiri ya theluji, alishuka besimenti, chumba cha chini ya jengo lao la fleti, kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia. Taa zikazimika. Gizani akasikia chuma kikikwangua polepole, kwa hasira, karibu kabisa na paja lake. Akapanda ngazi mbio, akagonga mlango wa fleti yao.

"Nani?" Makena aliuliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Akafungua kinywa, jina halikuja. Akatoa leseni ya udereva mfukoni ili alisome. Picha yake ilikuwapo. Palipokuwa na jina palikuwa pamekwanguliwa hadi pakawa peupe, na unga wa plastiki ulikuwa bado na joto.